Umiliki wa vilabu vya mpira wa miguu mjini Moshi

Umiliki wa vilabu vya mpira wa miguu mjini Moshi ni suala la nani ana mamlaka juu ya timu za mji huo ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, na kama timu hizo zimeendelea zikiwa mikononi mwa wamiliki wao. Moshi haijawahi kuwa na klabu yenye nguvu ya kudumu kama Simba na Yanga za Dar es Salaam au Coastal Union ya Tanga. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni timu mbili zilizopitia mji huo zilifika Ligi Kuu kwa njia tofauti kabisa. Polisi Tanzania ilipanda ikiwa na makao Moshi, ikashuka baada ya misimu minne. Kitayosce ilianzia Kilimanjaro, ikahamishiwa Tabora, ikapanda ikiwa huko na hatimaye ikabadilishwa jina. Ukitazama msimamo wa ligi peke yake, Kitayosce ndiyo iliyofanikiwa zaidi. Lakini Moshi haikubaki na chochote cha mafanikio hayo.

Maana ya kumiliki klabu

Katika mazungumzo ya kila siku shabiki husema "timu yetu". Kisarufi neno "yetu" huonyesha umiliki, lakini kisheria halionyeshi hivyo. Shabiki anayelipa kiingilio kila wiki kwa miaka 20 anaweza kuwa hana kura hata moja katika klabu anayoiita yake. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa malalamiko mengi pale klabu inapouzwa, inapohamishwa au inapovunjwa.

Nchini Tanzania kuna aina kadhaa za umiliki. Aina ya kwanza na ya kale zaidi ni klabu ya wanachama, ambayo watu hulipa ada, hupewa kadi na huchagua viongozi katika mkutano mkuu. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zilikua kwa mfumo huo. Aina ya pili ni timu ya taasisi ya umma, hasa majeshi: Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Aina ya tatu ni timu ya kampuni. Mtibwa Sugar ya Morogoro, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, ilitokana na kiwanda cha sukari. Azam FC ni ya kundi la makampuni ya Bakhresa. Aina ya nne, ambayo imeongezeka sana katika karne hii, ni klabu ya mtu mmoja au kikundi kidogo cha watu. Mara nyingi huanza kama kituo cha kulea vijana au timu ya mtaani, kisha ikapata mfadhili.

Kila aina ina faida na hasara yake. Klabu ya wanachama ni ngumu kuiuza, lakini ni rahisi kuingia katika migogoro ya uongozi na mara nyingi haina fedha. Timu ya jeshi ina mishahara ya uhakika kwa wachezaji walioajiriwa, ila makao yake hupangwa na makamanda. Timu ya kampuni hutegemea hali ya biashara. Klabu ya mtu binafsi inaweza kwenda kasi kuliko zote, kwa sababu uamuzi hauhitaji mkutano. Na kwa sababu hiyohiyo inaweza kutoweka kwa kasi.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hulisahau ni nafasi ya ligi. Haki ya kucheza katika daraja fulani imesajiliwa kwa jina la klabu, haikusajiliwa kwa jina la mji. Klabu ikipanda kutoka ligi ya wilaya hadi ya mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship (iliyoitwa Ligi Daraja la Kwanza hadi 2021) na mwisho Ligi Kuu, ngazi zote hizo zimo katika mfuko wa mmiliki. Akiamua kuihamisha klabu na mamlaka za mpira zikaridhia, ngazi hizo huhama naye.

Mji wa ushirika

Ni ajabu kidogo kwamba suala hili limeugusa mji wa Moshi, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine Afrika Mashariki penye historia ndefu zaidi ya watu wa kawaida kumiliki kitu kwa pamoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya vijijini. Mkulima wa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, akawa na sauti katika kuchagua viongozi, na wajumbe wa vyama wakakutana mjini. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi; tangu 2014 ni chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Wakulima hao walijifunza pia upande wa pili. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na ni sheria ya 1982 iliyofungua njia ya kuvirejesha. Kwa hiyo watu wazima wengi wa mkoa huo wanajua kwa uzoefu jinsi chombo unachodhani ni chako kinavyoweza kuondolewa kwa uamuzi wa watu wengine.

Jina la Ushirika limeingia katika mpira pia. Wapenzi wa zamani wa kandanda wanaikumbuka timu ya Ushirika ya Moshi, na uwanja mkubwa wa mechi za ligi mjini humo ni Uwanja wa Ushirika. Lakini mfumo wenyewe wa ushirika, wa mtu mmoja kura moja, haukuhamia katika vilabu vilivyozungumziwa sana baadaye. Panone FC, kwa mfano, ilibeba jina la kampuni ya mafuta ya hapohapo mjini. Ilifika Ligi Daraja la Kwanza, hatua moja chini ya Ligi Kuu, na haikuvuka hapo.

Polisi Tanzania

Polisi Tanzania FC ni timu ya Jeshi la Polisi. Makao yake Moshi yanaeleweka kwa urahisi, kwani mji huo ndio wenye Shule ya Polisi Tanzania, ambako vizazi vingi vya askari wa nchi nzima wamepata mafunzo. Timu za jeshi hilo zilikuwa zimecheza Ligi Kuu kabla ya hapo, zikiwa Dodoma na Morogoro. Kwa maneno mengine, Moshi ilikuwa kituo kimoja katika safari ndefu ya timu ya taasisi.

Timu ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019–20 pamoja na Namungo ya Ruangwa, Lindi. Kwa mkoa wa Kilimanjaro lilikuwa jambo kubwa. Simba, Yanga na Azam zililazimika kucheza na timu ya Moshi kama sehemu ya ratiba ya kawaida. Polisi haikuwa timu ya kufungwa ovyo. Ilidumu misimu minne, ambalo si jambo dogo, kwa kuwa katika kipindi hicho ligi ilipunguzwa kutoka timu 20 hadi 18 na kisha 16, na timu nyingi zilianguka katika upunguzaji huo.

Julai 2021 basi la timu lilipata ajali wakati wachezaji wakirudi kutoka mazoezini. Baadhi yao waliumia, na mmoja alivunjika miguu yote miwili.

Udhaifu mkubwa wa Polisi ulikuwa nyumbani. Mchezo wake wa kufungua msimu wa 2022–23, dhidi ya Yanga, haukuchezwa Moshi bali Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Polisi ilifungwa mabao 2–1. Mwenye duka wa Majengo au Pasua aliyetaka kuona "timu ya nyumbani" ikicheza na bingwa wa nchi alilazimika kupanda basi. Mwisho wa msimu huo Polisi ilishuka daraja moja kwa moja pamoja na Ruvu Shooting, timu nyingine ya jeshi.

Je, Polisi iliendelea chini ya mmiliki wake? Kwa upande wa utulivu, ndiyo. Mmiliki hakubadilika, jina halikuuzwa, na wachezaji wengine walipata ajira iliyozidi umri wao wa kucheza. Faida hiyo ya mwisho haionekani katika msimamo wa ligi, lakini kwa kijana anayestaafu mpira akiwa na miaka 33 ni kubwa kuliko kombe. Kwa upande wa mji, hakuna mfumo uliomwezesha mkazi wa Moshi kuwa na sauti katika timu hiyo. Alikuwa mgeni mwalikwa katika timu iliyocheza mjini kwake.

Kitayosce

Kitayosce ni jina lililofupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza, na silabi yake ya kwanza inatoka katika neno Kilimanjaro: lilikuwa jina la kituo cha kulea vipaji vya vijana vya mpira. Timu iliyotokana na kituo hicho ilipanda madaraja ya chini ikitambulika kama timu ya Kilimanjaro. Baadaye ilihamishiwa Tabora, magharibi mwa nchi, zaidi ya kilomita 500 kutoka Moshi, na kuanza kutumia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Tabora walikuwa na kila sababu ya kuipokea. Ni mji wenye historia, wenye uwanja, na wenye mashabiki waliokaa muda mrefu bila timu ya Ligi Kuu. Kitayosce iliwapa njia ya mkato. Badala ya kuanza na ligi ya wilaya na kupanda ngazi moja moja kwa miaka mitano au zaidi, walipata timu iliyokwisha kupanda. Mwisho wa msimu wa 2022–23 timu hiyo ilifuzu kwenda Ligi Kuu pamoja na JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma. Ni msimu uleule ambao Polisi Tanzania ilishuka. Moshi ikapoteza timu yake ya Ligi Kuu, na klabu iliyokuwa na jina la Kilimanjaro ikapanda, ikiwa Tabora.

Mchezo wa kwanza wa Kitayosce katika Ligi Kuu ulikuwa tarehe 16 Agosti 2023 dhidi ya Azam FC, Dar es Salaam. Usajili wa wachezaji wake wengi haukuwa umekamilika, na timu iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu. Sheria za mpira zinataka kila timu iwe na wachezaji wasiopungua 7. Wachezaji wawili wa Kitayosce walipoumia, idadi ilishuka chini ya kiwango hicho na mwamuzi akavunja mchezo baada ya dakika kama 15, Azam wakiwa mbele kwa mabao 4–0. Tukio hilo lilienea haraka katika vyombo vya habari vya nje, zaidi kama kichekesho. Kwa wachezaji wale 8 waliovaa jezi wakijua wanakwenda kufungwa, halikuwa kichekesho. Lilionyesha kwamba timu inaweza kupanda daraja uwanjani huku ofisi yake ikiwa bado iko chini.

Mwaka huohuo jina la Kitayosce liliondolewa, na klabu ikaitwa Tabora United. Ilinusurika msimu wake wa kwanza kupitia michezo ya mchujo. Msimu uliofuata ikabadilika kabisa: tarehe 7 Novemba 2024 iliifunga Yanga mabao 3–1 jijini Dar es Salaam, na siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Mwaka 2025 klabu ilibadilishwa jina kwa mara nyingine na kuwa TRA United, ikichukua jina la Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hivyo katika miaka michache klabu moja ilipita katika aina mbili za umiliki zilizotajwa hapo juu: kutoka kituo cha vijana chenye wamiliki wachache, hadi timu yenye jina la taasisi ya umma.

Kwa kipimo cha kawaida cha mpira hayo ni maendeleo makubwa: kutoka madaraja ya chini hadi kuifunga Yanga. Ni vyema kuyakubali bila kigugumizi, maana wako wanaodai kwamba uhamisho wa klabu daima ni hasara. Kama ingebaki Moshi, hakuna uhakika kwamba ingepanda. Inawezekana ingeishia kama Panone. Wachezaji walipata jukwaa, na Tabora ikapata timu. Anayeulizwa kama amefaidika ni kijana wa Kilimanjaro, ambaye kituo hicho kiliandikwa kwa jina la mkoa wake. Kwake klabu imehama na jina limefutwa, na ngazi zilizopandwa kwa jasho la timu ya mkoa wake sasa zinahesabiwa katika historia ya mkoa mwingine.

Mifano ya kwingineko

Moshi si peke yake. Mwaka 2022 klabu iliyoitwa DTB ilipanda Ligi Kuu na kuwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 ikawa Fountain Gate na kuhamia Babati, Manyara. Mwaka huo wa 2024 Ihefu, klabu ya Mbarali mkoani Mbeya, ilikuwa imepelekwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Ihefu ndiyo iliyovunja rekodi ya Yanga ya kucheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, kwa ushindi wa 2–1 huko Mbarali Novemba 2022. Wakazi wa wilaya ile ya mpunga waliishangilia siku hiyo kama ushindi wao wenyewe. Chini ya miaka miwili baadaye hawakuwa na timu ya Ligi Kuu.

Fedha zimeongeza kasi ya mambo haya. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kurusha michezo ya ligi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Tangu hapo kuwamo katika Ligi Kuu kuna thamani ya fedha, na kitu chenye thamani hupata mnunuzi.

Kwa vilabu vya wanachama serikali iliweka kinga. Kanuni za Baraza la Michezo la Taifa zinataka wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Ndiyo sababu wanachama wa Simba walipokubali mabadiliko Desemba 2017, Mohammed Dewji alishinda zabuni ya asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wala si klabu nzima. Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo hadi 2021 na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika zaidi ya mara moja, ingawa mvutano kuhusu fedha na madaraka kati ya mwekezaji na wanachama haukwisha. Ujerumani ina kanuni inayofanana nayo tangu 1998. Kinga hiyo, hata hivyo, haiwahusu wale ambao hawakuwahi kuwa wanachama. Klabu iliyoanzishwa na watu wachache haina asilimia 51 ya kulinda.

Nje ya Afrika kisa kinachokaribiana na cha Kitayosce ni cha Wimbledon, klabu ya kusini mwa London. Wamiliki waliihamishia Milton Keynes mwaka 2003, na mwaka 2004 ikabadilishwa jina. Mashabiki hawakusubiri. Mwaka 2002, baada ya kibali cha kuhama kutolewa, waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanza daraja la chini kabisa walilokubaliwa, na mwaka 2011 wakaingia katika ligi ya kulipwa ya Uingereza. Klabu hiyo ni ya mashabiki wenyewe. Ilichukua miaka 9.

Namna ya kupima maendeleo

Kwa mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya klabu yoyote, msimamo wa ligi ni mahali pazuri pa kuanzia na pabaya pa kuishia. Azam FC inasaidia kuonyesha tofauti. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kuwa bingwa msimu wa 2013–14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na tangu hapo haijatwaa tena ubingwa wa ligi. Kwa hesabu ya makombe imerudi nyuma. Lakini mmiliki alijenga uwanja Chamazi na kituo cha vijana, na vitu hivyo haviwezi kupakiwa kwenye lori na kupelekwa mkoa mwingine.

Kwa Moshi maswali yenye uzito ni yale yanayohusu vitu visivyohama. Uwanja wa Ushirika umeboreshwa kiasi gani na fedha za misimu minne ya Ligi Kuu? Ni vijana wangapi wa Kilimanjaro waliopita Polisi Tanzania na Kitayosce, na ni wangapi walisajiliwa kutoka nje? Je, kuna timu za umri wa chini ya miaka 20 na 17 zinazocheza mwaka mzima, au hukusanywa siku za ukaguzi? Je, hati ya usajili wa klabu inataja wanachama, au wadhamini watatu tu? Swali hili la mwisho ndilo jepesi kuliko yote kulijibu, kwa kuwa katiba ya kila klabu iliyosajiliwa huwekwa kwa msajili wa vyama vya michezo, na ndilo ambalo mashabiki huliuliza wakati klabu imekwisha ondoka.

Mkoa hauna upungufu wa watu wenye uwezo. Kila Desemba Wachaga wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi hurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, barabara ya Moshi hujaa magari, na katika viwanja vya vijiji vya mlimani huchezwa mechi za sikukuu ambazo waliorudi huzichangia jezi, mipira na mbuzi wa mshindi. Mwezi Januari magari yakishaondoka, viwanja hivyo huachiwa wanafunzi. Fedha hizo hutoka kwa moyo, bila kadi ya uanachama na bila mkutano mkuu, na hivyo hazijengi klabu yenye mwenyewe.

Tangu kushuka kwake, Polisi Tanzania imekuwa timu ya Championship. Ushindi wa 3–1 dhidi ya Yanga umo katika rekodi za ligi chini ya jina la Tabora United.